Tovuti ya duka langu la pampu ina makala arobaini na haileti wateja. Niandike nini tena?

SWALI: Habari za kazi, kaka. Nina duka la pampu za maji za sola hapa Dodoma. Tunauza na tunafunga. Aliyetutengenezea tovuti aliniambia Google inapenda tovuti yenye vitu vipya, kwa hiyo nikamwajiri kijana aandike makala tatu kila wiki. Sasa zimepita arobaini: faida za umeme wa jua, umuhimu wa maji kwa mkulima, mabadiliko ya tabianchi na nyingine za namna hiyo. Wateja wanaokuja kupitia tovuti nawahesabu kwa vidole. Sasa kijana anataka kutumia akili mnemba (AI) ili atoe makala kila siku. Niendelee? Na nitapata wapi kipya cha kuandika kila wiki wakati pampu ni zile zile?

JIBU: Dada, msimamishe kijana kwanza, ila usimfukuze. Kazi anayo, na nitaifikia.

Makala yenye kichwa cha faida za umeme wa jua unaweza kuihamishia duka la Mwanza, la Kisumu au la Bujumbura bila kubadili neno, na hakuna msomaji atakayeshtuka. Mkulima wa Bahi au Chamwino aliyekwisha kuchimba kisima na ana milioni zake kadhaa tayari haulizi kama jua lina faida. Linamchoma kila siku, analijua. Anachotaka kujua ni kama pampu iliyoko kwenye rafu yako itayatoa maji kwenye kisima chake yeye, itatoa lita ngapi, itamgharimu shilingi ngapi, na ikikorofisha atampigia nani. Katika makala arobaini, mangapi kati ya hayo manne yamejibiwa? Nadhani jibu unalo.

Aliyekuambia habari ya Google hakukudanganya, amekupa tu nusu ya jambo. Novemba 2011 Google walitangaza mabadiliko waliyosema yanagusa takriban asilimia 35 ya utafutaji, ambayo yaliyapa matokeo mapya nafasi ya juu zaidi pale ambapo upya una maana kwa anayetafuta: matukio yanayoendelea, mambo yanayojirudia kila mwaka, na vitu ambavyo taarifa zake hubadilika mara kwa mara. Anayetafuta matokeo ya Simba na Yanga anataka ya leo. Anayetafuta namna ya kupima usawa wa maji kisimani hapungukiwi chochote kama maelezo yaliandikwa mwaka juzi, ilimradi yawe sahihi. Na katika mwongozo wao kwa wenye tovuti, Google wanauliza waziwazi: je, unabadilisha tarehe za kurasa ili zionekane mpya wakati ndani hakuna kilichobadilika? Je, unaongeza makala nyingi, au unafuta za zamani kwa wingi, ukiamini kwamba tovuti itaonekana mpya na itapanda? Hilo la pili wamelijibu wenyewe papo hapo kwamba halitasaidia.

Kwa hiyo hesabu ya makala tatu kwa wiki haina msingi wowote. Google hawakuiweka, na mteja wako hajawahi kuidai.

Sasa nije kwenye lile neno lako, "pampu ni zile zile". Ni kweli, lakini visima havifanani. Wateja nao hawafanani, bei inapanda na kushuka na shilingi, mzigo unaingia na kuisha, masika yanawahi au yanachelewa. Kipya cha duka lako kipo tele, tena hakihitaji kubuniwa. Kiko kwenye simu ya duka na kwenye kichwa cha fundi wako. Kijana amekuwa akikitafuta kwenye mtandao, mahali ambapo atakuta tu yaliyokwisha kuandikwa na wengine.

Anza na simu. Fungua WhatsApp ya duka, rudi nyuma miezi mitatu, na uandike kila swali jinsi lilivyoulizwa, bila kulipamba. Ujumbe wa sauti nao usikilizwe wote, kwa sababu wakulima wengi huona taabu kuandika na huko kwenye sauti ndiko wanakojieleza. Utapata maswali ya namna hii: "Kisima changu mita themanini, mna pampu ya kufika huko?" "Kukiwa na mawingu inavuta?" "Lazima ninunue betri?" "Maji yangu yana chumvi, haitakufa mapema?" "Mnafika mpaka Manyoni?" "Mia mbili ukipunguza nakuja leo." Hilo la mwisho liache, la duka lolote hilo. Mengine yote ni kurasa.

Nichukue la kwanza tu nikuonyeshe lina utajiri gani, maana watu wengi wa biashara yako hulijibu kwa neno moja, "ipo", kisha wanatuma bei.

Mteja anaposema mita themanini anataja kina cha shimo. Pampu haijali shimo lina urefu gani. Inajali maji yapandishwe mita ngapi. Tuseme maji yamesimama mita 35 kutoka juu. Ukianza kuvuta yanashuka, yanatulia labda mita 45. Tenki limewekwa kwenye mnara wa mita 5. Kazi ya pampu ni kupandisha maji mita 50, na kidogo zaidi kwa msuguano ndani ya bomba. Ukimuuzia pampu na paneli za kupandisha mita 80, amelipia nguvu asiyoihitaji. Kuna na kinyume chake, ambacho ndicho kinachozaa magomvi: mteja anakuambia "maji yako karibu, mita thelathini tu", kumbe kisima ni kizito kujaa, ukivuta saa moja usawa umeteremka hadi mita 60, na pampu inabaki inakoroma bila maji. Ndiyo maana fundi mzuri anaomba karatasi ya mchimbaji, ile yenye matokeo ya jaribio la kuvuta maji, kabla ya kutaja pampu yoyote.

Halafu inakuja hesabu ya paneli, ambayo mkulima anaiona kama siri ya mafundi. Si siri. Anataka lita 10,000 kwa siku, yaani mita za ujazo 10. Zidisha 10 kwa mita 50, gawanya kwa 367, namba isiyobadilika inayoigeuza hesabu hiyo kuwa umeme, unapata kilowati-saa 1.4 hivi kwa siku. Hiyo ni kazi ya kuyainua maji peke yake. Pampu na mota yake vinapoteza sehemu. Ukikadiria kwamba asilimia 40 tu ya umeme ndiyo inayofika kwenye maji, utahitaji kilowati-saa 3.4. Gawanya kwa saa tano za jua kamili, unapata wati 680. Ongeza robo kwa ajili ya vumbi, joto la paneli na upotevu wa nyaya, umefika wati 850. Mteja akiletewa paneli za wati 300 kwa kisima hicho kwa sababu "zinatosha, boss", sasa anajua aulize nini.

Weka ukurasa huo kwenye tovuti yako, kwa Kiswahili, na mchoro mmoja uliochorwa kwa mkono na kupigwa picha vizuri. Kichwa chake kiwe swali lenyewe: Kisima changu ni mita 80, nichukue pampu gani? Angalia pia kwamba hakuna hata sentensi moja humo ambayo fundi wako haijui. Anayasema kwenye simu kila siku, kwa mteja mmoja mmoja, kisha yanapotea hewani.

Maswali mengine yaende kwa mtindo huo huo, ila yasilazimishwe kuwa marefu. Google hawana idadi ya maneno wanayoipendelea, na wamelisema hilo mara nyingi. La mawingu linajibika kwa aya tatu: paneli hupunguza umeme, maji yanapungua, dawa yake kwa kawaida ni kuweka tenki kubwa badala ya betri, kwa kuwa maji yaliyoko kwenye tenki hayachakai. La maji ya chumvi linataka kidogo zaidi, hasa kwa ukanda wenu ambako visima vya chumvi si habari ngeni. Humo eleza kwamba chuma kisichoshika kutu kina madaraja, na kwamba daraja la 316 huvumilia chumvi kuliko 304, kisha useme wazi pampu zako ni za daraja gani. Kama ni 304, sema 304. Mteja atakayejua hilo baada ya pampu kuoza atalisema kijiji kizima.

Na kuna swali ambalo halitaulizwa kwenye WhatsApp lakini limo vichwani mwa watu: je, ninahitaji kibali? Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inasimamia matumizi ya maji, yakiwemo ya chini ya ardhi, na vibali vinatolewa na bodi za maji za mabonde. Hapo ulipo, mteja mmoja anaweza kuwa chini ya Wami/Ruvu na mwingine wa upande wa Singida akawa chini ya Bonde la Kati. Nenda ofisini kwao, uliza utaratibu na ada za sasa, andika ulichoambiwa na tarehe uliyoambiwa. Ukurasa wa aina hiyo ndio unaopaswa kusahihishwa mara kwa mara, kwa sababu ada hubadilika, na hapo tarehe mpya ina haki ya kuandikwa.

Sasa bei. Najua hapa utasita. Kila ninapomwambia mfanyabiashara aweke bei kwenye tovuti ananiambia washindani wataziona. Dada, wameshaziona. Wamepiga simu wakijifanya wakulima kutoka Kondoa. Anayefichwa bei ni mteja peke yake, na mteja aliyefichwa bei hapigi simu kuuliza, anarudi Google kufungua duka la pili.

Kuna mfano maarufu katika fani hii. Kampuni ya River Pools and Spas ya Virginia, Marekani, ilikuwa inauza na kufunga mabwawa ya kuogelea ya faibaglasi. Mwaka 2009, uchumi ulipokuwa umeporomoka na hakuna aliyetaka bwawa, mmoja wa wenye kampuni hiyo, Marcus Sheridan, aliamua kuandika majibu ya maswali yote ambayo wateja walikuwa wakiwauliza, akianzia na lile ambalo wauzaji wa mabwawa walilikwepa: bwawa linagharimu kiasi gani? Hakuwa na bei moja ya kutoa, kwa sababu kila uwanja una mambo yake. Alichofanya ni kueleza bei inaanzia wapi, inaishia wapi, na nini kinaipandisha. Ukurasa huo ulileta mauzo makubwa, na kampuni ilivuka kipindi kile kigumu. Jambo la kuangalia hapo ni kwamba walikuwa wanauza na kufunga kitu ghali chenye bei isiyotabirika, kama wewe.

Ukurasa wako wa bei utakuwa hivi. Chukua kazi zenu za miezi sita iliyopita, zipange katika makundi matatu au manne: kisima kifupi na bustani ya nusu eka, kisima kirefu na tenki la lita 5,000, shamba la zabibu, maji ya kijiji au shule. Kwa kila kundi andika bei ya chini na ya juu iliyolipwa kweli, ikijumuisha pampu, kontrola (kifaa kinachoiendesha pampu kwa umeme wa paneli), paneli, bomba, kamba, nyaya, stendi na ufundi. Mteja mwingi hajui kwamba stendi ya paneli na bomba vinaweza kula fungu kubwa la pesa, anakuja na bei ya pampu peke yake kichwani. Chini yake andika nini kimewafanya wengine walipe zaidi: kina, umbali kutoka Dodoma mjini, maji ya chumvi, paneli kuwekewa uzio dhidi ya wezi. Mwishoni weka mstari unaosema bei hizi zimeangaliwa lini. Uangalie ukurasa huo kila mzigo mpya ukiingia. Huo ndio upya wenye faida, nao unamchukua kijana nusu saa.

Baada ya bei, kazi zenyewe. Hapa fundi ana jukumu, na usimpe kubwa maana hatalifanya. Kila akimaliza kufunga, kabla hajapanda pikipiki, atume kwenye kundi la duka picha tatu na ujumbe mmoja wa sauti: mahali, kina cha kisima, usawa wa maji, pampu na paneli alizofunga, na maji yaliyotoka. Maji ayapime kwa ndoo na saa ya simu. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 40, hiyo ni lita 1,800 kwa saa, na aseme ilikuwa saa ngapi za mchana na hali ya mawingu ilikuwaje. Kijana anasikiliza, anaandika maneno mia mbili au mia tatu, anaweka picha. Msomaji wa Mpwapwa mwenye kisima kinachofanana ataona jambo ambalo hakuna tovuti nyingine itakayompa: kisima kama changu, pampu ile, maji kiasi kile.

Mwaka 2022, mwezi Desemba, Google waliongeza neno "uzoefu" kwenye vigezo ambavyo wakaguzi wao huvitumia kupima ubora wa kurasa. Mwandishi ameshika kitu hicho kwa mkono wake, au amesoma tu? Picha ya fundi wako akiwa na matope hadi magotini inalijibu swali hilo kuliko aya yoyote. Na tafadhali ondoa ile picha ya bwana wa Kizungu aliyevaa kofia ya njano anayetabasamu mbele ya paneli. Wateja wako wameshaiona kwenye tovuti za watu wengi sana, ikiuza kila kitu kuanzia bima.

Usisahau kurudi. Kazi iliyofungwa Juni, mpigie mteja Desemba, uliza inaendaje, ongeza aya mbili chini ya ukurasa ule ule. Kama paneli zilijaa vumbi na maji yakapungua hadi zilipopanguswa, andika. Kama mchanga uliingia pampuni na ikabidi itolewe na kuinuliwa mita tano kutoka chini ya kisima, andika hilo pia, na gharama mlizobeba ninyi na alizobeba yeye. Wenye maduka wanaogopa kurasa za namna hii, lakini mteja makini ndizo anazozitafuta, kwa sababu anajua pampu huharibika na anachopima ni tabia yako ikiharibika.

Jambo moja la sheria, halina mjadala: ruhusa ya picha. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Jirani zetu Kenya wamekwishaonyesha kwamba mambo haya si ya vitabuni. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi za Kenya 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Mwombe mkulima ruhusa kwa maandishi, hata ujumbe wa WhatsApp unaosema "nakubali picha ya kisima changu itumike" ni mwanzo mzuri. Asipotaka sura yake ionekane, piga picha ya kisima na mikono ya fundi. Jina lake wala kitongoji chake si lazima. Wilaya inatosha, na kwa mwenye paneli za thamani shambani, wilaya ni salama zaidi.

Kuhusu lini uandike, fuata mvua, usifuate wiki. Kwenu mvua huja kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukata Aprili. Mtu anaanza kuwaza pampu pale mabwawa yanapoanza kukauka, Mei na kuendelea. Lakini ukurasa ukichapishwa leo hauonekani leo kwenye nafasi nzuri. Unahitaji wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Kwa hiyo kurasa za umwagiliaji wa kiangazi ziwe zimekamilika Februari au Machi, wakati kila mtu dukani amelala kwa sababu mvua inanyesha. Julai, kabla ya Nanenane, hakikisha ukurasa wa bei ni wa sasa, kwa sababu watu watachukua karatasi zako pale kwenye viwanja vya maonyesho vya Nzuguni na usiku watalitafuta jina la duka kwenye simu. Ukurasa mmoja au miwili mizito kwa mwezi inatosha kabisa, pamoja na taarifa fupi za kazi zilizofungwa. Mwezi usio na la kusema, usiseme.

Akili mnemba sasa. Siipingi, naitumia. Google hawakatazi maandishi yaliyosaidiwa na mashine. Walichokipiga marufuku waziwazi Machi 2024 ni kuzalisha kurasa kwa wingi ili kupanda kwenye matokeo bila kumsaidia msomaji, na haijalishi zimeandikwa na mashine, na mtu, au na wote wawili. Mpango wa kijana wako wa makala kila siku unaangukia humo moja kwa moja. Mpe matumizi mengine: anukuu ujumbe wa sauti wa fundi, mashine impangie aya, imrekebishie tahajia. Asiiulize "niandikie makala kuhusu pampu za sola", maana itampa kilekile kilichojaa kwenye makala zenu arobaini, kwa Kiswahili cha taarifa ya habari. Na namba zozote inazozitoa, za wati, kina au lita, zipite kwa fundi kabla ya kuwekwa. Mashine hizi hukosea kwa sauti ya kujiamini sana, na mkulima akinunua paneli kwa namba ya uongo iliyotoka kwenye tovuti yako, hatakwenda kuishtaki mashine.

Hizo arobaini zilizopo usizifute kwa hasira. Ingia Google Search Console, ni bure, aliyekutengenezea tovuti anaweza kukufungulia. Humo utaona ni maneno gani watu waliandika hadi wakaiona tovuti yako, na ni kurasa zipi zimebofywa. Makala chache zitakuwa na wasomaji. Hizo zifanyie ukarabati kwa yale niliyoeleza, kwenye anwani ile ile, usianzishe ukurasa mpya. Zinazosema jambo moja kwa maneno tofauti ziunganishe, na anwani za zile ulizoziondoa zielekezwe kwenye iliyobaki. Zilizobaki bila msomaji na bila la maana, ziondoe kwa sababu zinakuaibisha, ila usitarajie Google ikupe zawadi kwa usafi huo. Utagundua pia kwamba watu wanaandika "pampu ya sola bei" na "pampu ya kisima kirefu", wakati kurasa zako zinasema "mifumo ya kisasa ya nishati jadidifu". Zungumza kama wanavyozungumza.

Mambo ya ufundi wa tovuti yapite haraka: picha zipunguzwe uzito, maana mteja wako anafungua kwa bando la shilingi mia tano akiwa shambani; namba ya simu ibofyeke; jina la duka, ramani na saa za kazi kwenye Google ziwe sahihi. Lingine dogo lenye manufaa makubwa ni kwenye kitufe cha WhatsApp. Kinaweza kufungua ujumbe ulioandikwa tayari, na kila ukurasa ukapewa wake. Anayetoka ukurasa wa maji ya chumvi ujumbe wake uanze "Nimesoma kuhusu maji ya chumvi", anayetoka kwenye bei uanze "Nimeona bei za kisima kirefu". Baada ya miezi miwili hutahitaji kuniuliza ni ukurasa gani unaoleta wateja, utausoma kwenye simu yako. Nao utawapunguzia kazi, kwa kuwa anayeuliza ukubwa wa pampu atatumiwa kiungo badala ya kuelezwa upya.

Umebaki mkataba wa kijana. Usimlipe kwa idadi ya makala, kwa sababu ukilipia idadi utapewa idadi. Mlipe kwa mwezi, na kazi yake iwe kukusanya: kukaa na fundi, kusikiliza simu ya duka, kwenda shambani walau mara mbili kwa mwezi akiwa nyuma ya pikipiki, kuandika, na kupitia kurasa za zamani kila bei inapobadilika. Umpe pia fundi posho kidogo ya bando kwa kila kazi aliyoileta na vipimo vyake kamili, la sivyo utaletewa picha za giza na "kazi imeisha boss". Kazi ya kwanza ya wote wawili iwe ukurasa wa bei. Stakabadhi za miezi sita iliyopita ziko kwenye droo ya duka, kwa hiyo wanaweza kuanza Jumatatu.